Hela ya Mzee Kondo

Rafiki yangu Sikujua alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa barazani kwangu Kinondoni nachambua mchele, na kabla sijamaliza kuitikia salamu akasema, "Mwalimu, Mzee Kondo katutoka." Tulikuwa, kila mmoja upande wake wa simu, wanawake wawili tuliokwisha kuvuka miaka sitini, mimi na ungo mapajani, yeye na kelele za soko la Buguruni nyuma yake. Kisha akauliza, "Unakuja?" Nikamwambia swali gani hilo. Nilikata simu, nikaenda chumbani, nikapiga magoti ambayo siku hizi hayapendi kupigwa, nikainama chini ya kitanda changu na tochi ya simu. Maandishi yalikuwa palepale, yamechimbwa kwenye mbao kwa ncha ya patasi: KONDO, KEKO. Nililia kidogo hapo sakafuni. Nimefundisha miaka thelathini na minane na wanafunzi wangu wengine leo ni watu wakubwa, lakini aliyenifundisha mimi kufundisha ni fundi seremala mmoja, na alinifundisha kwa kuacha kuja darasani kwangu. Nalisema hilo kwa kujivuna, maana si kila mwalimu ana bahati ya kukataliwa na mwanafunzi wa namna ile.

Habari za nilikozaliwa na nani alinizaa naziacha, hazina la kuongeza hapa. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nimeshuka kutoka Tukuyu, nimemaliza masomo ya ualimu, na kilichobaki ili nipewe cheti kilikuwa mwaka mmoja wa kufundisha watu wazima pamoja na ripoti nzuri ya mkaguzi. Sharti lilikuwa jepesi kulitamka: siku mkaguzi atakapokuja, awakute wanafunzi wasiopungua kumi, wasome na kuandika mbele yake. Wakipungua, darasa linafungwa na mimi narudi kwetu mikono mitupu. Ulikuwa mwaka wa foleni, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na nilipangiwa Keko, ambako sikuwa na ndugu wala jamaa.

Nilipata chumba cha nyuma Temeke, kwa Bi Thuraya, mama wa Kiarabu mwenye duka. Babu yake alianza biashara Bagamoyo, baba yake akaileta Temeke, na yeye aliketi nyuma ya mizani kama aliyezaliwa hapo. Kati ya kitanda changu na duka palikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nililala na harufu ya bizari na mafuta ya taa, nikaamshwa na mazungumzo ya wateja. Jioni aliniita jikoni tule pamoja, wali wa nazi na mchuzi wa papa mkavu, na sukari ilipoadimika tulikunywa chai kwa tende, unauma tende, unapiga funda. Kutoka kitandani, madaftari yakiwa mapajani, niliyasikia maneno ya watu yakipita ukutani. Bibi wa makamo aliuliza, "Kibaba cha unga pesa ngapi leo?" Kijana wa gereji akasema, "Hela hii hapa, Bi Thuraya, nipe na kiberiti." Na karani mmoja wa serikali, mwenye viatu vya kung'aa, yeye kila mara alitoa "fedha". Chuoni tuliambiwa kwamba neno la kuandika ni fedha, pesa linavumilika, na hela ni la vijiweni. Basi nilikuwa nikilala pale nikiwasahihisha kimoyomoyo watu walioinyonya lugha ya Kiswahili kwa mama zao, mimi niliyeikuta shuleni. Leo naona kilichokuwa kinanisumbua. Niliogopa kuchekwa kuwa mtu wa bara, nikaona nikiwa na Kiswahili cha kitabuni hakuna atakayethubutu.

Darasa lilikuwa kwenye kiwanda cha Mzee Kondo. Kiwanda ni jina kubwa. Ulikuwa uwanja wa kando ya barabara, mabati machache juu ya nguzo, meza tatu za useremala, na maranda yaliyofika vifundoni. Saa kumi alasiri mafundi waliweka randa chini, wakaketi juu ya vitanda ambavyo bado havijapigwa msasa, na ubao wangu ulikuwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne: mafundi kumi na mmoja na wanawake watatu wa jirani, mmoja wao huyu Sikujua, rika langu, muuza uji na vitumbua. Mzee Kondo alikuwa mkubwa wao kwa umri na kwa kazi. Alikuwa mwembamba, mweusi, sikio moja limeshikilia penseli wakati wote hata akila. Vitanda vyake vilijulikana kwa mstari wa maua saba ya mviringo kwenye ubao wa kichwani, lakini wenye maduka mjini walivinunua na kuviuza kana kwamba wamevichonga wao, na jambo hilo lilimkera. "Nataka niandike jina langu chini ya kitanda," aliniambia siku ya kwanza. "Mtu anayelala ajue kalazwa na nani."

Wiki yangu ya pili nilishuhudia sheria ya pale. Fundi mmoja mgeni alipita penye ubao wa mninga aliouchora Mzee Kondo, akaona mstari umepinda, akaufuta kwa kidole gumba. Kazi ikasimama. Mzee Kondo hakupaza sauti. Alimpa penseli akamwambia, "Alama ya fundi haifutwi na mkono mwingine. Irudishe, na watu wakuone." Yule bwana, mtu mzima mwenye ndevu zake, akapiga magoti kwenye maranda akauchora mstari upya, kisha wakampa kahawa na kazi ikaendelea. Nikauliza, hata kama kweli umepinda? "Umepinda mwambie aliyeuchora," Mzee Kondo akanijibu, "ana mkono wake." Nilicheka sana siku ile, na usiku nikampelekea Bi Thuraya kisa hicho pamoja na chai.

Mzee Kondo hakuwa mwanafunzi mwepesi. Alishika penseli ya kuandikia kama anayechora mbao, akikandamiza hata herufi moja ikaacha kovu kurasa tatu za mbele. Mwezi mzima alipambana na herufi K. Hakulalamika. Nilipompitia mgongoni nilimsikia akizitaja herufi kwa sauti ya chini, moja moja, kama anazihesabia misumari. Mwezi wa nne nikawaambia kila mtu aandike sentensi yake mwenyewe, isiwe yangu, isitoke ubaoni. Wengine waliandika "Mama anapika" wakamaliza. Yeye alichukua siku mbili. Siku ya tatu alinikabidhi daftari kwa mikono miwili, na ndani yake, kwa herufi kubwa zilizojaza ukurasa, palikuwa na maneno haya: HELA YA JASHO TAMU.

Nilikwenda na daftari lile chumbani kwangu pamoja na mengine. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mistari miwili juu ya HELA, nikaandika FEDHA kwa mwandiko wangu mzuri, nikampa saba kwa kumi nikajiona mkarimu. Kesho yake alilifungua. Akaliangalia, akapitisha kidole juu ya ule wino mwekundu, akalifunga. "Ahsante, mwalimu," akasema. Siku iliyofuata, saa kumi ilipofika, hakuketi. Aliendelea kupiga randa yake wakati mimi nasomesha, na randa ilisikika kuliko mimi. Siku ya pili mafundi watatu wakamfuata. Haikupita wiki, nilikuwa nimebaki na Sikujua na wale wanawake wawili, watu watatu mbele ya ubao, na mkaguzi alikuwa anakuja baada ya wiki sita.

"Umemfutia mzee alama yake," Sikujua akaniambia, tukiwa tunakunja mkeka.

"Ilikuwa kosa la lugha."

"Mwalimu, si we ulimcheka yule mwenye ndevu? Mie nilikuona, ulishika mbavu. Sasa zamu imekufikia, unaleta lugha."

Nilikasirika. Nilirudi Temeke kwa hatua kubwa, nikiwa nimeshapanga maneno ya kumweleza Bi Thuraya jinsi watu wa Keko wasivyotaka maendeleo. Yeye alikuwa anakuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa mbuzi ya kukunia kidogo, akaniuliza neno sahihi lilikuwa lipi. "Fedha," nikasema. Akavua bangili yake moja akaiangusha kwenye sinia, ikalia. "Fedha ndiyo hii, mwanangu. Ni madini. Wazee wetu walikuja na neno lao la Kiarabu, na sarafu za zamani zilikuwa za madini hayo, basi watu wakaita hivyohivyo. Na pesa ni ya Wahindi. Babu yangu kule Bagamoyo alikuwa anapokea rupia, na rupia moja ilikuwa pesa sitini na nne. Akaja Mjerumani. Sitini na nne zikamsumbua kichwa, akasema rupia iwe na senti zake mia, na hizo senti kwa lugha yao wakiziita heller. Watu wakasema hela. Kisha Mwingereza naye akaja na shilingi yake. Kila mmoja kaja na lake, kaondoka, neno kaliacha hapa." Akarudi kwenye nazi yake, akakuna mara mbili tatu, akaongeza, "Sasa we umeketi chumbani kwangu unalifukuza la Mjerumani, unalikaribisha la Mwarabu. Mie Mwarabu nafurahi. Lakini haki haiko hapo."

Nilimsaidia kupika wali wa usiku. Nilikula wali ule kichwa chini, na aibu niliyoisikia haikuwa ya neno lenyewe. Nilikuwa nimemwona yule mtu akihangaika na herufi K mwezi mzima. Nilijua sheria ya uwanja wake, nimeicheka, na bado sikufikiri hata mara moja kwamba inanihusu, kwa sababu yeye alishika patasi na mimi nilishika kalamu. Hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi yake nilikwenda Keko saa nne, wakati kazi imechanganya na uwanja umejaa watu. Sikutaka kwenda saa ya darasa, ambapo wangenikuta watatu tu. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwalimu." Nikamwomba daftari lake. Alilitoa chini ya sanduku la vyombo vya kazi, limefungwa kwenye kitambaa safi, jambo ambalo lilinifanya nitake kuingia ardhini. Nikamwomba na penseli ya sikioni. Kisha nikapiga magoti kwenye maranda na sketi yangu moja ya maana, randa zikanyamaza, na kwenye ukurasa mpya nikaandika polepole, kila mtu akiniona, HELA YA JASHO TAMU. Nikampa kwa mikono miwili, kama yeye alivyonipa mimi.

Mzee Kondo aliusogeza ukurasa mbali na macho, kisha karibu. "Hiyo H yako imepinda," akasema.

"Mwambie aliyeichora," nikamjibu, "ana mkono wake."

Uwanja mzima ulicheka, na yeye akacheka mpaka penseli, aliyokwisha kuirudisha sikioni, ikaanguka. Nililetewa kahawa. Nilipokuwa naipuliza akanyoosha mkono kwenye msumari juu ya meza yake, akatungua uzi uliokuwa na sarafu yenye tundu katikati. Ilikuwa na taji, na maandishi yaliyolika ambayo hata mimi msomi sikuweza kuyasoma. "Baba yangu alichonga milango ya boma enzi za Mjerumani," akaniambia. "Akalipwa hizi. Nyingine zote zililiwa, hii ikabaki." Akaiweka juu ya ubao wa mninga, akazungusha penseli pembeni, akazungusha tena ndani ya tundu, akaiinua. Nikaona ua. Nilikuwa nimeyatazama maua yale miezi minne na sikuwahi kujiuliza yanatoka wapi. "Hela saba kila kitanda," akasema. "Na baba alikuwa akinambia neno lile uliloandika hapo. Ndiyo maana sikutafuta lingine." Saa kumi alasiri siku hiyo walikuwa kumi na wanne wote, na Sikujua alinitazama kwa jicho la kunambia nilikwambia.

Wiki sita zilipita haraka kuliko foleni yoyote ya mwaka ule. Mkaguzi alikuja siku ya Alhamisi, bwana mnene mpole mwenye suti ya kijivu iliyoshika maranda mara tu alipoketi. Alisikiliza kumi wa kwanza wakisoma, akaandika andika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupumua alipomwita Mzee Kondo ubaoni aandike sentensi anayoipenda. Nilijua ataandika nini kabla chaki haijagusa plaiwudi. Alipomaliza, mkaguzi akainuka, akachukua kifutio. "Vizuri sana, mzee. Ila mwalimu, hela ni lugha ya mtaani. Hapa tunajenga lugha sanifu." Mkono wake ukapanda kuelekea ubaoni.

Nasema kweli, nilikiona cheti changu kikiondoka. Nilimwona mama yangu akinipokea stendi Tukuyu na sanduku langu. Na bado niliinuka, kwa sababu Mzee Kondo alikuwa amenigeukia mimi, hakumtazama mkaguzi. "Samahani, bwana mkaguzi," nikasema. "Ukilifuta, itakubidi uliandike upya wewe mwenyewe, umepiga magoti. Ndiyo sheria ya kiwanda hiki. Mimi mwenyewe nimeshapigishwa."

Mafundi waliangalia chini. Mkaguzi alibaki na kifutio hewani. Akauliza ni sheria gani hiyo, nikamweleza, na nikiwa nimeshalowa sikuona sababu ya kuogopa maji, nikamweleza na habari za hela na rupia na Mjerumani. Mzee Kondo akatungua sarafu msumarini akamkabidhi. Mkaguzi aliigeuza geuza muda mrefu, akaipeleka kwenye mwanga. "Na fedha?" akaniuliza. Ni ya Kiarabu, nikasema. "Pesa?" Ya Wahindi. "Shilingi najua," akasema, na akaguna. "Kumbe katika hayo yote hatuna hata moja letu."

"Yote yetu," Mzee Kondo akasema. Alikuwa bado amesimama na chaki. "Hii mbao ya mninga inatoka Tabora, bwana mkubwa. Lakini kitanda ni cha Keko."

Mkaguzi alirudisha kifutio mezani, taratibu. Ripoti yake ninayo mpaka leo, imekuwa ya manjano, na ndani yake kuna mstari mmoja ambao nimewasomea wanangu mara nyingi wakanichoka: "Mwalimu huyu hubishana, lakini watu wake wanasoma." Nilipata cheti. Mshahara wangu wa kwanza nilinunua kitanda cha futi nne kwa sita chenye hela saba kichwani, na ndicho cha kwanza ambacho Mzee Kondo alichimba jina lake chini. Nilimshikia tochi. Alipomaliza aliniomba nihakikishe herufi, na nikazihakikisha bila kalamu mkononi.

Msibani Keko tulikaa na Sikujua kwenye mkeka wa wanawake, tukala wali na maharage, tukasimuliana mpaka waliokuwa karibu wakatutazama vibaya kwa kucheka kwenye matanga. Yeye anasoma Kurani na gazeti siku hizi, na anaandika jumbe za simu ndefu kuliko mimi. Siku ya tatu, baada ya hitima, nilipita kiwandani peke yangu. Maranda bado yanafika vifundoni, ingawa sasa kuna msumeno wa umeme na mabati ni mengi zaidi. Fundi mmoja wa miaka ishirini na kitu, nywele zimenyolewa kwa mtindo, alikuwa ameinamia ubao wa kichwani, na sarafu yenye tundu ilikuwa chini ya penseli yake. Aliniamkia, nikaitikia. Mwenzake wa meza ya pili akamwuliza, "Braza, hiyo unapiga hela ngapi?" Akajibu saba, kama mzee. Simu yake ikalia mfukoni, akaichungulia, akasema hela ya mteja imeingia, akaendelea kuchora.

Nikamwuliza kama anajua hilo neno hela limetoka wapi.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yametoka wapi. Akapuliza vumbi kwenye ubao, ua likabaki. "Hela? Si ni ya kwetu hiyo, mama. Ya hapahapa Keko."

Mkobani nilikuwa na kalamu nyekundu; sijawahi kutoka nyumbani bila kalamu nyekundu tangu nilipokuwa na miaka ishirini.

"Ni kweli, mwanangu," nikamwambia, na nikasogea pembeni nisimzibie mwanga.